Bunduki Tano za Koplo Nadhira

Katika bucha ya Jamaldin, nyuma ya soko la Embu, hakuna mteja aliyeuziwa nyama kabla ya kuulizwa swali. Ukiomba kilo moja, mzee aliinua kisu lakini hakukishusha.

"Ya kuchemsha, ya kuchoma, au ya kukaanga?"

"Wewe kata tu, Jamaldin, nina haraka."

"Nikikata tu, jioni bibi yako atanitukana mimi, si wewe. Ya nini?"

Nadhira, binti yake wa pili, alikulia upande wa ndani wa meza ile. Kabla hajajua kusoma alizijua kazi za visu saba vilivyoning'inia ukutani. Kile chembamba cha kuchunia ngozi hakikugusa nyama. Kile kizito cha mifupa hakikugusa ngozi. Na kile cha kuchinjia, kirefu, kilichofungwa kitambaa cheupe mpinini, hakikugusa mfupa maisha yake yote, wala hakikunolewa mbele ya mnyama. Baba alimfundisha pia kutia mkono ndani ya ng'ombe aliyetundikwa na kutafuta kiungo kwa kidole gumba, bila kuchungulia. "Macho ni ya mteja," alimwambia. "Lako ni dole hilo."

Leo Nadhira ana miaka arobaini na minne. Nyumbani kwake ni mtaa wa Dallas, mjini Embu, lakini kazi yake iko juu zaidi, kupita Kibugu, mahali ambapo mashamba ya majani chai yanakoma na msitu wa Mlima Kenya unaanza ghafla kama ukuta. Hapo pana kituo kidogo cha walinzi wa wanyamapori: askari sita, gari moja, na chumba cha mawe chenye mlango wa chuma. Funguo za chumba hicho ziko kiunoni mwa Koplo Nadhira kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Yeye ndiye mtunza silaha.

Uwindaji ulikatazwa nchini kabla hajazaliwa. Babu yake, mzee Shukri, aliwabebea wawindaji bunduki zama zile, na alisimulia jinsi kila mmoja wao alivyokuja na sanduku refu lenye bunduki kadhaa, kila moja na mnyama wake. Bunduki za kituo hazitafuti nyama wala pembe. Hutoka chumbani siku mnyama anapovuka ua wa umeme na kuingia kwa watu: ndovu kwenye migomba, nyati kwenye chai, chui zizini, nyani kwenye mahindi, au mbwa mwenye kichaa anayezunguka shuleni. Lakini sanduku la babu halikumtoka Nadhira kichwani. Kwa hiyo askari yeyote aliyekuja mbio mlangoni pake, hata akiwa anahema, aliulizwa maswali matatu kabla ya kupewa chochote.

"Mnyama gani? Yuko wapi? Nyuma yake kuna nini?"

Askari walimcheka. "Koplo, tumekuja bucha?" Wakacheka, lakini wakajibu.

Kisha akaja Kamanda Kiunga.

Kiunga alikuwa Mmeru wa Imenti, mrefu, mwenye sauti ya uwanja wa gwaride, na miaka mingi ya kazi yake aliitumia kufundisha vijana kulenga shabaha. Hakuwa mtu mbaya. Alifika kituoni, akakagua choo, akakagua gari, akaonja uji wa askari na kusema haufai, na wiki hiyohiyo uji ukabadilika. Mwezi wa pili aliletewa barua: bunduki zote za zamani zitarudishwa makao makuu, na kituo kitapewa mpya tano. Aandike orodha ya anazotaka. Mkaguzi atakuja Alhamisi kuipitisha.

Alimwita Nadhira ofisini, akamsomea orodha yake kwa nusu dakika. Tano za aina moja. Aliitaka ile nzito, ya risasi nene, ambayo askari waliiita Mzee.

"Inayomwangusha ndovu, Koplo, itamshindwaje chui?"

"Haimshindwi, Afande. Inampita," Nadhira akasema. "Inampita chui, inapita ukuta wa mbao, inampita na mama aliyejificha nyuma ya ukuta. Huku si mbugani. Huku nyumba zimebanana kama meno."

"Kwa hiyo unataka nini?"

Alikuwa ameingoja siku hiyo miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema pole pole, akihesabu kwa vidole. Mzee wawili, kwa ndovu na nyati wa karibu, kwa sababu mnyama mkubwa hapigwi na mtu mmoja. Moja ya kati, ile ndefu yenye darubini, kwa mnyama aliyejeruhiwa ng'ambo ya bonde. Moja ya marisau, vijirisasi vingi vinavyotoka pamoja, kwa chui wa zizini, na ambayo hutiwa pia fataki za kishindo za kufukuzia wanyama bila kuwadhuru. Na moja ndogo kabisa, ya risasi kama punje ya kunde, kwa mbwa mwenye kichaa na ngedere aliyevunjika mgongo barabarani.

"Aina nne," Kiunga akasema. "Aina nne za risasi, mifukoni mwa watu sita wanaokimbia. Umeshamwona mtu aliyeogopa akichagua risasi? Mimi nimemwona. Nilimzika."

Hakusema kwa hasira. Lilikuwa neno la kweli, na mtu aliyelisema alikuwa amelilipia.

"Tutaona," akasema Kiunga. "Bado siku chache."

Jumatatu, saa nne asubuhi, simu ya kituo ikalia. Alikuwa Felicitas, mkulima wa chai wa Kibugu, na nyuma ya sauti yake wanawake wengine walikuwa wakipiga kelele.

"Madam, kuna nyati! Dume! Yuko kwa chai yangu, chini ya kituo cha kununulia majani!"

"Amesimama au amelala?"

"Amesimama. Anachechemea. Mguu umeoza, una waya. Madam, acha maswali, mje!"

"Mama, nisikilize. Nyuma yake kuna nini?"

"Nyuma wapi? Ukitoka barabarani nyuma yake ni sisi! Tuko hapa kituoni na vikapu, tunangoja mizani!"

"Na ukitoka mtoni?"

Sauti ya Felicitas ikasogea mbali, kama anayegeuka kutazama. "Ukitoka mtoni ni ile kingo ya udongo mwekundu. Pale walipochimba barabara."

"Basi tunatoka mtoni. Ingieni ndani na mfunge."

Siku hiyo askari wawili walikuwa doria ya mbali na wengine watatu likizo, kwa hiyo Nadhira akafunga chumba na kwenda mwenyewe. Kiunga alibeba Mzee. Ile ndefu alipewa Misheck, askari wa miaka thelathini kutoka Kanja, mtu mkimya ambaye mikono yake ilitoka jasho hata akishika kijiko. Nadhira akachukua ya marisau, akaitia fataki.

Walipanda kutoka mtoni kwa mstari. Chai ilikuwa imefika kiunoni, mbichi, bado na umande, na katikati yake mgongo mweusi wa nyati ulikuwa umesimama kama jiwe. Waya wa mtego ulikuwa umemla mguu wa mbele hadi mfupani. Huyo hakuwa wa kufukuzwa tena hadi msituni, wote watatu waliliona. Alikuwa wa kupumzishwa. Lakini alikuwa amesimama juu sana, karibu na kibanda cha mbao cha kununulia majani, kilichojaa wanawake.

"Msogeze," Kiunga akanong'ona.

Nadhira akazunguka upande wa kibanda, akapiga fataki ya kwanza mbele ya pua ya nyati, na ya pili upande wa kulia wake. Kishindo kikavunjika vilimani. Nyati akayumba, akateremka akivuta mguu, hatua kumi, hatua ishirini, hadi mgongo wake ukagusa kingo nyekundu. Sasa nyuma yake hapakuwa na kitu ila mlima wa udongo.

Kiunga akapiga. Nyati akapiga magoti, kisha, kama aliyekumbuka kitu, akasimama na kuja.

"Misheck!" Kiunga akaita, akivuta risasi ya pili. "Piga!"

Misheck hakupiga. Nadhira alimwona akisukuma chuma cha bunduki yake, kinakataa kufunga, anasukuma tena, kinakataa. Kiunga akapiga peke yake. Nyati akaanguka kifudifudi juu ya chai, hatua kumi na moja kutoka kwenye viatu vya kamanda. Baadaye walizipima.

Wanawake walitoka kibandani wakipiga vigelegele. Felicitas alimkumbatia Nadhira hadi kofia ikaanguka. "Madam wa maswali!" akacheka huku machozi yakimtoka. "Mtoto wa mchinjaji wewe!"

Lakini Kiunga alikuwa mbele ya Misheck, na mkononi alishika risasi aliyoitoa kwenye ile bunduki ndefu. Ilikuwa nene. Ilikuwa ya Mzee.

"Huu ndio mchanganyiko wako, Koplo," akasema. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

Misheck akapapasa kiunoni. "Afande, ni mimi, mifuko yote miwili ilikuwa…"

"Si yeye," Nadhira akamkata. "Mifuko nilimfunga mimi, wake na wa akiba yako. Yote ni ya ngozi, yote upande mmoja. Kosa ni langu."

Walipofika ofisini, Kiunga alitoa orodha yake na kuiweka juu ya meza, ile ya bunduki tano za aina moja. Nadhira akasimama mbele yake, hakukaa.

"Afande, leo umeona fataki ikifanya kazi ambayo Mzee asingeweza."

"Nimeona. Na nimeona pia bunduki iliyokataa kufunga."

"Nipe hadi Alhamisi. Nitawafundisha wote sita. Mkaguzi akiwa hapa, uwafunge macho, uwachanganyie risasi zote. Mmoja akikosea, hata mara moja, nitaitia sahihi orodha yako mimi mwenyewe. Na funguo hizi nitakukabidhi."

Kiunga akazitazama zile funguo kiunoni mwake. "Funguo sikuomba."

"Najua. Nimezitaja mimi."

Jumanne asubuhi askari walipokusanyika uwanjani, wale wa likizo wakiwa wameitwa warudi, walimkuta koplo wao ameketi kwenye mkeka na ungo wa mama yake, Mwanakombo, aliouleta kutoka Dallas. Ndani ya ungo zilikuwa risasi mia moja zisizo na baruti, za aina zote nne, zimechanganywa kama mahindi na maharagwe ya githeri.

"Koplo, leo tunachambua njahi?" akauliza Kinoti, mchekeshaji wa kituo.

"Ndiyo. Na ukiacha jiwe ndani, utalila. Keti. Funga macho."

Aliwafundisha vile alivyofundishwa ndani ya ng'ombe. Usiulize jicho, uliza kidole gumba. Risasi ya Mzee ni kama mshumaa, dole linateremka moja kwa moja bila kukutana na kitu. Ya ile ndefu inalizidi dole kwa urefu, na karibu na ncha ina bega, dole linateleza kama kwenye shingo ya chupa. Ya marisau ni ya plastiki, nene, haina baridi. Ile ndogo inapotea ndani ya kiganja. Halafu akabadilisha mifuko: ya Mzee ikabaki ya ngozi, kwenye nyonga ya kulia. Ya ile ndefu akaishona mwenyewe kwa turubai gumu, ikakaa kifuani. Mkono ukienda mahali pasipo pake, unajua kabla haujafungua.

Kinoti alijua kwa saa moja, akaanza kuimba. Misheck hakujua. Jumanne alikosea mara tisa. Jumatano asubuhi mara nne. Mchana, wengine walipokwenda kula, alibaki kwenye mkeka akichambua, midomo ikichezacheza.

"Nenda ukale, Misheck."

"Koplo, mimi ndiye nitakupokonya funguo."

"Nani alikwambia habari ya funguo?"

"Kituo kizima kinajua."

Nadhira akachukua mkono wake wenye jasho, akaupangusa kwa kitambaa chake cha kichwani, akaurudisha kwenye ungo. "Unakimbilia kuamua. Baba yangu alikuwa akiniambia, shika, subiri, halafu jua. Nyati hana haraka kama unavyodhani. Zile hatua kumi na moja zilikuwa na nafasi ya kushika, kusubiri, na kujua."

Alhamisi, saa tatu, mkaguzi akafika. Alikuwa Kagwiria, mama mfupi mwenye miwani, aliyevaa gambuti kwa sababu alijua barabara ya Kibugu. Akasomewa orodha zote mbili. Akaelezwa masharti. "Haya," akasema, akaketi kwenye kiti cha plastiki. "Nimehudhuria vikao vingi mwaka huu. Hiki ndicho cha kwanza chenye ungo."

Askari mmoja mmoja alifungwa macho kwa leso, akachambua risasi arobaini. Kiunga hakuwahurumia. Kila mtu alipofika katikati, alipiga bati kwa rungu nyuma ya sikio lake, paa! Cicily, askari mwanamke mwingine wa kituo, aliruka lakini dole lake halikuruka. Kinoti alitukana kwa Kiembu, akaendelea. Watano wakapita bila kosa.

Misheck alikuwa wa mwisho. Kumi zikaenda vizuri. Ishirini. Bati likalia, naye akatetemeka mwili mzima, na risasi aliyoishika ikaanza safari kuelekea kwenye rundo la Mzee. Nadhira aliliona bega la risasi ile. Aliuma mdomo hadi ukauma kweli.

Mkono wa Misheck ukasimama hewani. Ukashika. Ukasubiri. Dole likapanda, likashuka kwenye lile bega, na risasi ikageuka njia, ikalala kwenye rundo la ile ndefu pamoja na wenzake. Arobaini zote. Alifunguliwa macho. Alitazama marundo manne kama mtu anayetazama shamba lake.

"Na kamanda?" Kagwiria akauliza.

"Mimi?" Kiunga akashtuka.

"Wewe hubebi bunduki?"

Akafungwa macho. Alichambua haraka, kwa vidole vya mtu aliyefundisha mamia. Kagwiria mwenyewe ndiye aliyechukua rungu na kupiga bati. Kiunga alipofungua leso, risasi moja ya ile ndefu ilikuwa imelala kati ya za Mzee, waziwazi, kama mbuzi kati ya ng'ombe.

Nadhira akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Alisema mmoja akikosea, hata mara moja. Hakusema nani. Mkono wake ukaenda kiunoni, ukagusa funguo.

Kiunga aliiokota ile risasi, akaigeuzageuza juani. Aliweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha. Badala yake akamgeukia askari wake mwenye jasho.

"Misheck. Nimekosea wapi?"

"Afande, mimi…"

"Nifundishe. Si unajua?"

Misheck akachuchumaa mbele ya kamanda wake, akamshika kidole gumba, akakipitisha juu ya chuma. "Hapa, Afande. Usikimbilie. Kuna bega. Umelisikia?"

"Sijalisikia."

"Shika. Subiri."

Dole likapanda, likashuka. "Ala!" Kiunga akasema. "Liko!"

Akacheka, na kicheko chake cha gwaride kikafika hadi kwenye miti ya msituni. Alirudia risasi arobaini, bati likipigwa mfululizo, na hakukosea. Kisha akasimama, akapangusa magoti, akamwambia mkaguzi: "Waliofundishwa wamepita. Aliyefeli ni yule ambaye hakufundishwa. Miaka yote nimeamini dawa ya woga ni kuwapunguzia watu mambo ya kujua. Andika orodha ya koplo."

"Iandikwe kwa jina la nani? Huwa ni kamanda."

"La nani? Lake. Nadhira Jamaldin. Herufi kubwa."

Kagwiria akaandika. Akauliza swali moja tu, kama ile ndogo ni lazima, na Nadhira akamweleza habari ya mbwa wenye kichaa na ukaribu wa shule. Mkaguzi akatia sahihi, akaomba uji, akausifu.

Bunduki zilifika mwezi wa pili baada ya hapo, kwenye lori la kijani, mchana wa jua kali. Masanduku matano marefu. Afisa aliyezileta alishuka na karatasi zake, akaenda moja kwa moja kwa Kiunga na kumpa kalamu. Kiunga hakuipokea.

"Mwenyewe ni yule," akasema, akionyesha kwa kidevu.

Nadhira alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mawe, sare imepigwa pasi, kitambaa cha kichwani kipya. Askari sita walikuwa wamejipanga bila kuambiwa, na Misheck alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nadhira akatia sahihi yake, ndefu, bila haraka. Kisha akafungua sanduku la kwanza, akafuta mafuta ya kiwandani kwa kiganja, akaiinua bunduki nzito hadi begani na kuielekeza msituni. Ilikaa vizuri. Akaishusha, akafungua la pili.

"Zinatosha?" afisa wa lori akauliza, akipangusa jasho. "Naona vituo vingine wameomba kumi."

"Hizi zinatosha," Koplo Nadhira akasema, na akaendelea kufungua.